Kambi nje au Kigamboni? Rekodi zinamtaja kocha, si hoteli

Dar es Salaam. Ligi ikishafungwa tu, vijiwe vya Temeke na Kinondoni huwa na ajenda mbili. Ya kwanza ni usajili. Ya pili ni kambi: timu inakwenda wapi safari hii?

Hili la pili linachukuliwa kirahisi, lakini ndilo linalopandisha watu presha. Shabiki wa Simba wa Tandika akisikia timu imeshatua Cairo, anajiona yupo nusu ya njia ya ubingwa. Wa Yanga wa Mwananyamala anamjibu kwamba kombe halipandishwi ndege. Wa Azam naye anawatazama wote wawili, maana klabu yake ndiyo yenye nyumba nzuri kuliko zote na bado huwa inafunga mabegi.

Utani huo una fedha ndani yake. Kundi la wachezaji, makocha, madaktari na watunza vifaa wapatao 40, likikaa kambini usiku 21, linahitaji malazi 840 na milo 2,520. Hapo hujagusa tiketi 40 za kwenda na kurudi, viza, basi la kila siku, kukodi uwanja na kufua jezi. Ni fedha ambayo shabiki anaichangia kwa kadi ya uanachama, kwa jezi na kwa kiingilio.

Kwa hiyo swali ni halali: klabu ya Dar inapochagua kati ya kambi ya nje na ya nyumbani, inachagua kitu gani hasa? Misimu mitano iliyopita ina majibu, na baadhi yake hayapendezi.

NYUMBANI KUNA NINI

Ukienda na Barabara ya Bagamoyo, ukazipita Tegeta na Boko, unaingia Bunju, mwisho wa Kinondoni. Hapo ndipo ulipo Mo Simba Arena, uwanja wa mazoezi wa Simba uliozinduliwa 2019, wenye eneo la nyasi asili na lingine la nyasi bandia.

Upande wa pili wa jiji, ukivuka Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016 au ukipanda pantoni, unafika Kigamboni, iliyokuwa sehemu ya Temeke kabla ya kuwa wilaya inayojitegemea. Kule ndiko kuna Avic Town, mji wa nyumba uliojengwa na Wachina, ambao kwa miaka kadhaa umekuwa kambi ya Yanga. Pametulia, hapana daladala zinazopiga honi usiku, na mchezaji akitaka kutoroka kwenda Sinza anajua safari ni ndefu.

Halafu ipo Chamazi, ndani kabisa ya Mbagala. Azam Complex ina uwanja wa mechi unaoingiza watu takribani 10,000, viwanja vya mazoezi, gym, bwawa na malazi, vyote ndani ya ukuta mmoja. Afrika Mashariki si klabu nyingi zenye kitu kama hicho.

NJE KUNA NINI

Simba ndiyo inayoongoza kwa kusafiri. Mwaka 2018 ilikwenda Uturuki, 2019 Rustenburg nchini Afrika Kusini, 2021 Morocco, 2022 Misri, 2023 Ankara nchini Uturuki, kisha 2024 na 2025 ikarudi tena Misri. Mwaka 2020 korona ilifunga safari.

Yanga imechanganya. Enzi za ukata, 2018 na 2019, ilijichimbia Morogoro. Mwaka 2021 ilikwenda Marrakesh, Morocco. Mwaka 2022 na 2023 ilibaki Avic Town. 2024 ikaenda Afrika Kusini, na 2025 ikabaki nyumbani, ikatoka mara moja tu kwenda Kigali kucheza na Rayon Sports.

Azam nayo ilikwenda Misri 2022, Tunisia 2023, Morocco 2024, na 2025 ikageuza gia: ikapanda mlima kwenda Karatu, mkoani Arusha.

Mtindo huu haukuanzia hapa. Klabu za Ulaya zina desturi ya kukimbilia milimani kila Julai, hasa Austria, kwenye miji kama Seefeld iliyopo mita 1,180 hivi kutoka usawa wa bahari. Miji hiyo inaishi kwa theluji: Desemba hadi Machi imejaa watu wanaoteleza kwa mbao miguuni. Theluji ikiyeyuka, hoteli zinabaki tupu na nyasi zinachipua vizuri kwa sababu ya ubaridi, ndipo timu za mpira zinapoingia. Hispania ilikaa Schruns, Austria, kujiandaa na Kombe la Dunia 2010, ikaenda kulibeba. Uturuki nayo ina Kartepe, mlima uliopo mashariki ya Istanbul, ambao baridi ni wa theluji na kiangazi ni wa mazoezi.

Sababu yao kubwa ni moja: wanakimbia joto la kwao. Hapo ndipo hesabu ya Dar inapoanza kuwa tofauti.

HALI YA HEWA

Julai jijini ni kipupwe. Usiku nyuzi joto hushuka hadi kwenye 19 hivi na mchana hupanda kwenye 28 au 29, tena kuna upepo wa kusi na mvua hakuna. Kwa mchezaji anayepiga tizi mara mbili kwa siku, huo ndio wakati mzuri kuliko wote wa mwaka.

Ismailia, mji wa Misri ambao Simba iliuzoea, mwezi huohuo mchana unavuka nyuzi 35. Marrakesh ni vilevile au zaidi. Maana yake timu inatoka kwenye kipupwe inakwenda kulipia jua, na mazoezi yanasogezwa alfajiri na jioni ili watu wasizimie.

Ankara ni afadhali, ipo juu kidogo, mchana una joto kavu na usiku unavuta blanketi. Rustenburg ndiyo yenye baridi hasa, Julai kule ni katikati ya majira ya baridi.

Kama ubaridi na mwinuko ndivyo vinavyotafutwa, Tanzania inavyo. Karatu, Iringa, Mbeya na Lushoto zote zina hewa hiyo, na basi linafika. Kitu cha kukumbuka ni kwamba faida ya mwinuko kwenye damu inahitaji wiki tatu hivi, tena sehemu za juu kama Iten ya Kenya iliyopo mita 2,400. Kwenda siku kumi mahali pa wastani unapata hewa nzuri na usingizi mzuri. Mapafu mapya hupati.

MECHI ZA KIRAFIKI

Hili ndilo eneo ambalo nje inashinda kihalali. Misri, Tunisia na Uturuki mwezi Julai zina timu nyingi zinazojiandaa kwa wakati mmoja. Simba ilipokuwa Uturuki 2023 ilipata hadi Zira ya Azerbaijan, timu ambayo usingeipata kwa urahisi ukiwa Bunju.

Lakini mfano mzuri zaidi ni wa Yanga 2024. Safari yake ya Afrika Kusini ilijengwa juu ya mechi. Julai 20 ilicheza na Augsburg ya Ujerumani ikafungwa 2-1, ikaifunga TS Galaxy 1-0, kisha Julai 28 ikaichapa Kaizer Chiefs 4-0 mbele ya mashabiki wake. Timu iliyorudi Dar ilikuwa imeshapimwa.

Hata hivyo mechi inaweza kuletwa. Mwaka mmoja kabla, Yanga ilikuwa imelala Kigamboni, na Kaizer Chiefs haohao ndio waliopanda ndege kuja Wiki ya Mwananchi, Julai 22, 2023, wakafungwa 1-0 Uwanja wa Benjamin Mkapa. Kiingilio kikabaki hapahapa.

UTULIVU

Makocha wengi wanaotaka kambi ya nje, ukiwachimba, sababu yao ya kweli ni hii. Bunju mchezaji yupo nyumbani kwake. Kuna harusi ya binamu, kuna mtoto anaumwa, kuna rafiki wa Kinondoni aliyepita "kusalimia tu". Ukimpeleka Ismailia, simu inapigwa lakini mwili haubebeki.

Kwa kikosi chenye sura mpya nyingi, hilo lina thamani kubwa. Watu wanaolala vyumba vinavyoangaliana wiki tatu, wanakula meza moja na hawana pa kwenda, wanajuana haraka kuliko wanaoachana saa tano asubuhi kila mmoja kwenda kwake.

Lakini utulivu ukizidi unageuka kifungo. England ilikaa Rustenburg wakati wa Kombe la Dunia 2010, kambi ya kifahari, viwanja kama zulia. Iliishia kuchapwa 4-1 na Ujerumani hatua ya 16 bora. Zulia halikufunga bao.

SASA TUONE MATOKEO

Kipimo cha kwanza cha kambi huwa Dabi ya Kariakoo ya mwanzo wa msimu kwenye Ngao ya Jamii, maana inachezwa miguu ikiwa bado na jasho la kambini.

2021: wote walikwenda Morocco, Yanga ikashinda 1-0 kwa bao la Fiston Mayele. 2022: Simba ilitoka Misri, Yanga Kigamboni, Yanga ikashinda 2-1, yote ya Mayele. 2023: Simba ilitoka Uturuki, Yanga Kigamboni, dakika 90 zikaisha bila bao pale Mkwakwani, Tanga, na Simba ikashinda kwa penalti 3-1. 2024: Simba Misri, Yanga Afrika Kusini, Yanga 1-0. 2025: Simba Misri, Yanga nyumbani, Yanga 1-0, bao la Pacome Zouzoua.

Mara tano Simba imetoka nje ya nchi, imepata ushindi mmoja wa penalti. Yanga imebaki nyumbani mara tatu kati ya hizo tano. Na ubingwa wa ligi kuanzia 2021/22 hadi 2024/25, mara nne mfululizo, ulikwenda Jangwani.

Mtu wa haraka atahitimisha kwamba Kigamboni ni bora kuliko Ismailia. Angoje kwanza. Yanga ya Morogoro, 2018, ilikuwa nyumbani pia, msimu ambao kocha Mwinyi Zahera alilazimika kutembeza bakuli kwa wanachama. Simba iliyotoka Uturuki ndiyo iliyobeba ubingwa wa 2018/19 na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Tena Yanga ya 2021, baada ya kambi ya Marrakesh kukatishwa mapema, ilitolewa na Rivers United ya Nigeria kwa kufungwa 1-0 nyumbani na ugenini, halafu ikamaliza ligi bila kupoteza mechi.

Mahali peke yake hapaelezi kitu. Kuna jambo jingine.

KOCHA WA JULAI NA KOCHA WA DESEMBA

Angalia nani aliongoza kila kambi ya Simba na aliondoka lini.

Didier Gomes aliongoza maandalizi ya Morocco 2021. Oktoba mwaka huo, baada ya Jwaneng Galaxy kuja Dar na kuitoa Simba, akaondoka. Zoran Maki aliongoza kambi ya Misri 2022. Septemba akaaga. Robertinho aliongoza ya Uturuki 2023. Novemba 5 akala tano kutoka kwa Yanga, siku mbili baadaye akatimuliwa. Fadlu Davids aliongoza ya Misri 2025. Septemba, siku chache baada ya Ngao ya Jamii, akaondoka.

Kambi nne, makocha wanne, na hakuna aliyefika Krismasi.

Imebaki moja, ya 2024. Fadlu alipeleka Misri kikosi kilichojaa wageni, kina Jean Charles Ahoua, Steven Mukwala na Debora Fernandes, akakaa nacho hadi mwisho. Msimu huo Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane, na ubingwa wa ligi ukaamuliwa mechi ya mwisho kabisa, Juni 25, 2025, Yanga iliposhinda 2-0. Haikubeba kombe, lakini katika misimu hiyo huo ndio uliokwenda mbali zaidi.

Hoteli ilikuwa ya Misri 2022, ya Misri 2024 na ya Misri 2025. Kilichobadilika ni kwamba mara moja tu kocha aliyefundisha mbio za Julai ndiye aliyecheza mechi za Mei.

Geukia Yanga. Nasreddine Nabi aliongoza maandalizi ya 2021 na 2022 na akamaliza misimu yote miwili akiwa bingwa, wa pili akifika fainali ya Shirikisho dhidi ya USM Alger. Miguel Gamondi aliongoza ya 2023 pale Avic Town, akamaliza bingwa. Kambi ya kawaida, kocha yuleyule, matokeo yaleyale.

Azam nayo inaingia humohumo. Youssouph Dabo aliipeleka Tunisia 2023, ikatolewa na Bahir Dar Kenema ya Ethiopia kwa penalti palepale Chamazi. Akaipeleka Morocco 2024, ikatolewa na APR ya Rwanda, na Septemba akaondoka. Mwaka 2025 Florent Ibenge akachagua Karatu na mechi za kirafiki Kigali. Timu ikaingia makundi ya Kombe la Shirikisho kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Zipo timu zilizobadili kocha na bado zikashinda. Simba ilimwondoa Patrick Aussems Novemba 2019 na ikabeba ubingwa. Yanga ilimwondoa Gamondi Novemba 2024, Sead Ramovic akaja akaondoka, Miloud Hamdi akamalizia, ubingwa ukabaki. Lakini vile vilikuwa vikosi vilivyokwishazoeana misimu miwili au mitatu. Kikosi cha namna hiyo kinajiendesha hata dereva akibadilishwa njiani. Kikosi kipya hakiwezi: kocha akiondoka, anaondoka na kila kitu walichojifunza kambini, na zile fedha za malazi 840 zimekwenda.

UCHAGUZI UKAE VIPI

Kutokana na rekodi hizo, klabu yenye kikosi kipya, nusu yao hawajuani majina, ina sababu ya kupanda ndege. Inanunua utulivu na kuzoeana. Lakini iende pale penye mechi ngumu zilizokwisha kupangwa kwa tarehe, na iende na kocha ambaye uongozi una nia ya kumvumilia hata akifungwa dabi.

Klabu yenye kikosi kilekile cha mwaka jana haina inachokwenda kutafuta. Kipupwe kipo Bunju, kipo Kigamboni, kipo Chamazi. Fedha hiyo bora ialike timu mbili kubwa kuja Dar, iongeze mtaalamu wa viungo, au itengeneze nyasi za mazoezi ambazo zitatumika mwaka mzima badala ya siku 21.

Na ile njia ya katikati ya Azam, kupanda milimani hapahapa nchini, inastahili kuigwa. Mchezaji anatengwa na mji, anapata hewa, na hakuna viza.

Kwa shabiki wa Mbagala au Kinondoni, hii inabadilisha swali la kuuliza kijiweni. Timu ikitangaza kambi, mji usimpe presha wala kichwa. Aulize mambo matatu: wachezaji wapya wangapi wamesajiliwa, mechi ngapi za kirafiki zimeshathibitishwa, na kocha ana mkataba wa muda gani.

La tatu ndilo zito. Picha za mazoezi ya Julai huwa nzuri kila mwaka, ziwe za Ankara au za Avic Town. Aliyeshika filimbi kwenye picha hizo ndiye wa kumwangalia, kisha asubiriwe Desemba kama bado anayo.